Mzee amenyamaza na anasahau sahau? Fanya haya kabla hujanunua kopo la vitamini

Mama yangu alikuwa mtu wa simu ndefu. Ukimpigia unajua nusu saa imeenda, utapewa habari za Korogwe nzima, nani kaoa, mbuzi wa nani wamekula mahindi ya nani, maharage sokoni yamefika bei gani. Alafu mwaka juzi simu zikaanza kufupika. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mi sijambo, nyie hamjambo? Haya." Basi, amekata. Mdogo wangu akasema mama kazeeka tu, dada akasema ni mawazo tangu baba aondoke, na mimi mjuaji wa familia nikaenda kununua kopo la vidonge vya "ubongo na kumbukumbu" kwa dada mmoja wa biashara za network, shilingi laki moja na themanini, nikajiona mtoto mwema kuliko wote.

Miezi minne mama akameza vile vidonge na hali ikawa ile ile, tena ikaongezeka ganzi ya miguu, na siku moja akamwaga majani ya chai kwenye sufuria ya wali. Ndo tukaenda hospitali. Daktari kijana tu, hakuanza na habari ya ubongo, aliuliza bibi anatumia dawa ya sukari mwaka wa ngapi huu. Wa kumi na mbili. Na ya tumbo je? Ile ya vidonda, kama mitano hivi. Akamwambia atoe ulimi, ulimi mwekundu, laini, unateleza kama umepakwa mafuta. Kipimo cha vitamini B12, ile ambayo damu na mishipa ya fahamu vinaitegemea, kikarudi 118, na karatasi ya maabara imeandika chini ya 200 ni upungufu. Niliporudi nyumbani nikachukua lile kopo nikasoma lebo kwa kamera ya simu maana maandishi ni kama mayai ya chawa: B12 mikrogramu 2.4. Laki na themanini! Mbele huko nitaeleza kwa nini hizo 2.4 kwa mtu kama mama ni sawa na hamna.

Kwa iyo kama una mzazi, bibi au babu aliyebadilika, amepoa, anarudia swali lile lile, halali au analala mchana kutwa, hataki watu, fuata nilivyofuata mimi baada ya kukosea. Mi sio daktari, ni mtoto wa mgonjwa, ila siku hizi kwenye familia yetu mimi ndo naitwa kila mtu akianza kupepesuka.

Imeanza lini?

Hili swali ndo la kwanza kabisa kwa sababu likijibiwa vibaya mtu anakufa. Kama mzee jana alikuwa mzima anaongea vizuri na leo anaongea maneno hayaeleweki, hajui yuko wapi, anaona watu ambao hawapo, usiku anahangaika asubuhi anasinzia, hiyo sio vitamini wala sio uzee, hiyo ni hospitali leo leo. Kwa wazee maambukizi ya mkojo, malaria, nimonia, sukari kushuka, chumvi ya damu kuharibika, kukosa maji mwilini, hata dawa mpya aliyoandikiwa wiki iliyopita, vyote vinaweza kuvuruga akili ndani ya saa au siku chache, na saa nyingine mzee hana hata homa. Mdomo umeenda upande au mkono mmoja hauna nguvu, usimsubirishe mpaka mjomba afike, hicho ni kiharusi.

Kama imekuja pole pole, miezi, mwaka, huku ndo kuna nafasi ya kukaa chini na kuchunguza. Na hapa naomba tuwe wakweli, wengi wetu hatujui imeanza lini kwa sababu tunaenda nyumbani Krismasi na Idi tu. Muulize anayeishi naye. Mi nilimuuliza binti anayemsaidia mama kazi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, bibi hata kwenye kikoba aliacha kwenda tangu mwezi wa pili, anasema miguu haimpeleki." Miezi saba nzima na sisi watoto wanne hatujui!

Mwaga dawa zote mkekani

Hii hatua haina gharama na ndo iliyofumbua mambo yetu. Chukua mfuko wa dawa wa mzee (kila mzee ana mfuko, aidha wa plastiki au kopo la biskuti), mwaga vyote mkekani, panga kimoja kimoja, na andika kwenye daftari: jina, anameza mara ngapi, tangu lini, nani alimwandikia. Weka na za kienyeji, weka na za kwenye makopo, weka na zile alizopewa na jirani kwa kuwa "na mimi zilinisaidia". Kwa mama tulikuta aina kumi na moja, mbili zilikuwa dawa ile ile kwa majina mawili ya kampuni tofauti, na moja imeisha muda.

Sasa ukishazipanga tafuta hizi:

Metformini, dawa ya sukari ambayo karibu kila mzee mwenye kisukari anaijua. Ni dawa nzuri, hakuna anayesema iachwe, ila ikitumika miaka mingi inapunguza B12 kufyonzwa tumboni. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kwamba upungufu wa B12 kwa watu wa metformini ni kitu cha kawaida na wapimwe wakionyesha dalili. Uliza mtaani kwenu ni wazee wangapi wa sukari wamewahi kupimwa.

Omeprazoli na ndugu zake, zile za vidonda na asidi. Mtu aliandikiwa wiki nne, yuko mwaka wa sita ananunua mwenyewe dukani. Asidi ya tumbo ndo inayobandua B12 kutoka kwenye nyama, sasa ukiizima kila siku, nyama unakula na B12 inapita tu.

Wafarini, ya kuzuia damu isigande. Ukiiona hiyo, usiongeze kitu chochote, narudia chochote, bila kuongea na daktari, manake vitamini K inaipunguzia nguvu na vitamini E ya dozi kubwa inaweza kuongeza kuvuja damu.

Na kama kuna dawa za kifafa au za kukojosha maji, ziandike kwa kalamu nyekundu nazo, zinagusa folati (vitamini B9), vitamini D au B1. Usimwachishe mzee dawa yoyote wewe mwenyewe kwa sababu umesoma hapa, peleka daftari kwa daktari, ndo kazi ya daftari.

Anachokula: angalia kwa macho, usiulize

Ukimuuliza mzee amekula nini atakujibu "nimekula, nimeshiba", hata kama ni chai ya rangi na nusu mkate tangu asubuhi. Kaa naye siku tatu uangalie. Mi niliona mambo mawili ambayo kwenye simu nisingeyajua milele. Moja, meno ya juu yamebaki mawili, nyama hatafuni, anaizungusha mdomoni kisha anaificha kwenye kiganja. Mbili, kipande chake cha samaki anakihamishia kwenye sahani ya mjukuu, na mjukuu anajua kabisa, anasubiri.

B12 ipo kwenye vitu vya wanyama tu: nyama, maini, samaki, dagaa, mayai, maziwa. Mchicha hauna, maharage hayana, ndizi haina, hata ule uji wa lishe wa nafaka saba hauna labda uwe umeongezewa kiwandani. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 2.4 kwa siku, glasi ya maziwa inakupa kama 1, yai moja kama nusu. Maini ndo yamejaa kupita vyote. Zamani kabla vitamini yenyewe haijajulikana, mwaka 1926 madaktari wawili wa Marekani, Minot na Murphy, walionyesha kwamba wagonjwa wa aina fulani ya upungufu wa damu, ambayo ilikuwa inaua, wanapona wakilishwa maini kwa wingi kila siku, wakaja kupewa Nobel mwaka 1934 pamoja na mwenzao Whipple. B12 yenyewe ikatenganishwa mwaka 1948. Yaani bibi zetu waliokuwa wanasema mgonjwa apewe maini walikuwa hawakosei sana.

Kwa mzee asiye na meno: dagaa wasage kuwa unga umwagie kwenye mboga, maini yachemshe kisha yaponde, yai likorogee kwenye uji ukiwa jikoni bado unachemka, maziwa au mtindi. Folati inatoka kwenye maharage na majani ya kijani, matembele, kisamvu, mchicha, ila usiyachemshe mpaka yawe meusi ukamwaga na maji yake, folati inaondoka na yale maji.

Lakini, na hapa ndo nilikuwa sijui, mzee anaweza kula samaki kila siku na B12 ikawa chini. Inakadiriwa asilimia 10 hadi 30 ya wazee tumbo lao limechakaa, asidi imepungua, hawawezi kuibandua B12 kutoka kwenye chakula. Ile ya kwenye kidonge haijabandikwa kwenye nyama, kwa iyo inapita kirahisi zaidi, ndo maana tangu 1998 wataalamu wa lishe wa Marekani wanashauri waliozidi miaka 50 wapate B12 yao zaidi kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa.

Vipimo kwanza, kopo baadaye

Ukianza kumpa vidonge alafu ndo ukapime, kipimo kitasoma vizuri wakati mwili bado una shida, na daktari atahangaika. Damu itolewe kwanza. Omba waangalie picha nzima ya damu (FBP), B12, folati kama ipo, sukari, figo na chumvi za damu, na homoni ya thairodi (tezi ya shingoni), manake thairodi ikilala na mzee analala, anasahau, anasikia baridi na anaonekana ana sonona (ugonjwa wa huzuni nzito). Usione aibu daktari akiongeza kaswende na VVU, vyote viwili vinaweza kuharibu kumbukumbu na wazee nao ni watu.

B12 haipimwi kila mahali, vituo vidogo mara nyingi hawana na damu inapelekwa maabara kubwa ya mjini. Kama hamna uwezo wa kupima, mwonyeshe daktari daftari la dawa na mweleze ganzi, ulimi, kupepesuka, anaweza kuamua kutibu kwa dalili hizo. Majibu yakiwa kati ya 200 na 300 usishangilie, hapo ni ukanda wa mashaka, wapo wenye dalili kabisa na namba hiyo. Na FBP ikiwa nzuri haimaanishi B12 iko sawa, mishipa ya fahamu inaweza kuumia wakati damu bado iko vizuri.

Kingine kidogo: kama mzee anatumia vidonge vya nywele na kucha, hata kama ni vya binti yake, vyenye bayotini ya dozi kubwa, waambie maabara, bayotini inadanganya baadhi ya vipimo vya damu ikiwemo thairodi.

Kumtoa mzee nyumbani ni kazi nyingine. Ukimwambia "mama unachanganyikiwa twende ukapimwe akili" umeshakosa, hatoki. Mi nilimwambia, "Mama, hii ganzi ya miguu naomba ikaangaliwe, nikiwa Dar silali vizuri nikiifikiria." Akanyamaza, akasema, "Haya, kama ni miguu twende, lakini kichwa changu kizima." Sawa mama, kichwa kizima. Hospitali za serikali zina dirisha la wazee kwa waliofika miaka 60, nenda na kitambulisho chake usije ukapangishwa foleni ya watu wote tangu saa kumi na mbili.

B12 yenyewe, na mtego wa vidonge vya njano

Sasa zile 2.4. Mtu mwenye tumbo zima 2.4 zinamtosha. Mtu ambaye njia yake ya kawaida ya kufyonza imeharibika anabaki na njia ya uchochoroni, ile ya kupenyeza tu, na hiyo inapitisha kama asilimia 1 ya kile alichomeza. Piga hesabu: asilimia 1 ya 2.4 ni vumbi. Asilimia 1 ya 1,000 ni 10, hapo amepata. Ndo sababu tiba ya vidonge vya B12 ni mikrogramu 1,000 hadi 2,000 kwa siku, na inaonekana kama dozi ya tembo lakini kwa B12 mwili unachukua unachotaka na kingine unakojoa.

Mwenye dalili za mishipa, ganzi, kupepesuka, kumbukumbu, mara nyingi daktari anaanza na sindano, za karibu karibu wiki za mwanzo kisha za mwezi au kila miezi miwili mitatu kutegemea aina ya sindano. Mama alianza hivyo. Usiende kujidungia kwa jirani anayejua jua.

Mtego: ukienda duka la dawa ukasema "naomba B," utapewa vile vidonge vidogo vya njano vya B complex vya bei rahisi. Soma lebo. Vingi vina B1, B2, nikotinamidi na labda B6, na B12 haipo kabisa au ipo kidogo mno. Watu wanameza mwaka mzima wakiamini wanajaza B12. Tafuta neno B12 au cyanocobalamin, hydroxocobalamin au methylcobalamin, alafu angalia namba iliyo mbele yake na kama ni mcg (mikrogramu) au mg, miligramu moja ni mikrogramu elfu moja.

Mtego wa pili ni ule wa foliki asidi (folati ya kidonge) peke yake. Mzee damu imepungua, mtu anampa foliki asidi kila siku, damu inapanda, kila mtu anafurahi, kumbe B12 bado haipo na mishipa inaendelea kuliwa chini chini. B12 ikaguliwe kwanza.

Mtego wa tatu, B6. Vile vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 ambavyo kila mwenye ganzi anapewa, vingine vina B6 nyingi, miligramu 100 au 200. B6 ikizidi kwa muda mrefu inaleta ganzi yenyewe! Unatibu ganzi kwa kitu kinacholeta ganzi. Kwa muda mfupi na kwa ushauri sawa, ila miaka miwili mfululizo hapana.

Utegemee nini? Usitegemee muujiza wa Jumapili. B12 inajificha kwenye ini akiba ya miaka, kwa iyo iliisha pole pole na madhara yake yanarudi nyuma pole pole. Kwa mama, hamu ya kula ilianza kama wiki ya tatu, ulimi ukaacha kuuma, kuongea kulirudi mwezi wa pili na nusu. Ganzi imepungua sio imeisha, daktari alisema ingewahiwa mwaka kabla huenda ingeisha. Na bado anasahau majina ya wakwe. Kama mzee ana dimenshia ya kweli (ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu), ile ya Alzheimer au ya viharusi vidogo vidogo, B12 haitaiondoa, itaondoa ule mzigo ulioongezwa na upungufu tu. Na kama B12 yake ilikuwa nzuri tangu mwanzo, kumwongezea hakumfanyi awe na akili zaidi, hakuna tanki la ziada.

Vitamini D na habari ya jua

Hii ndo inauzwa sana siku hizi kama dawa ya huzuni, na ni kweli wenye sonona wengi wakipimwa inakuwa chini, lakini fikiria, mtu mwenye sonona anatoka nje? Kipi kimeanza? Marekani walifanya jaribio kubwa, watu 18,353 wa miaka 50 na kuendelea, nusu wakapewa yuniti 2,000 za vitamini D kila siku na nusu kidonge kisicho na kitu, miaka kama mitano, majibu yakatoka 2020: waliopata sonona ni karibu sawa pande zote. Kwa iyo usimnunulie mzee vitamini D ukitegemea itamrudishia kicheko. Mnunulie kama imepimwa iko chini au hatoki ndani, kwa ajili ya mifupa na misuli, na hapo mahitaji ni yuniti 600 kwa siku, 800 kwa aliyezidi miaka 70.

Sisi tuna jua la bure, ila mzee anayekaa chumbani na mlango umefungwa au anayetoka amejifunika mwili wote halimfikii. Mtolee kiti nje asubuhi, mikono na miguu ipigwe jua, apite na mtu wa kusalimiana naye. Walioko Uingereza ni habari nyingine, serikali kule inashauri mikrogramu 10 (yuniti 400) kila siku majira ya vuli na baridi, na mwaka mzima kwa watu weusi na wale wasiotoka nje, sasa kama umemhamishia bibi huko, hiyo isikupite.

Ile dozi moja kubwa ya mwaka mzima ikatae. Australia waliwapa wanawake wa miaka 70 na zaidi yuniti 500,000 kwa mkupuo mara moja kwa mwaka, wakitegemea wataanguka kidogo, matokeo ya 2010 yakaonyesha walioipata walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko wasiopewa.

Zilizobaki, haraka haraka

Multivitamini ya kawaida ya kidonge kimoja kwa siku: kuna jaribio la Marekani lililotoka 2023, wazee 3,562, walioimeza walikumbuka orodha ya maneno vizuri kidogo baada ya mwaka mmoja. Kidogo. Haina madhara makubwa kwa wengi, kama mzee anakula vibaya na hela ipo mpe, ila ile ya kawaida ya famasi, sio ya laki na themanini.

B1: babu mnywaji, awe wa gongo, mbege au bia, akianza kuchanganyikiwa, kupepesuka hata asipokunywa, macho yanacheza, hiyo ni dharura, B1 inahitajika haraka na kwa sindano hospitalini. Msipuuze kwa kusema "amelewa tu".

Vitamini E za dozi kubwa za "kulinda ubongo" mi sizipendi, kwanza habari ya kuvuja damu nimeshasema, pili jaribio moja kubwa la wanaume liligundua waliomeza yuniti 400 kila siku walipata saratani ya tezi dume zaidi. Kama mzee ana Alzheimer daktari wake anaweza kuwa na sababu yake, muulize yeye.

Madini ya chuma na kalsiamu visimezwe pamoja na dawa ya thairodi, acha saa nne katikati.

Kama ni sonona, iite sonona

Wazee wetu hawasemi "nina huzuni". Wanasema mwili hauna nguvu, moyo unaenda mbio, kichwa kinajaa, tumbo linaunguruma, usingizi hauji. Unampa vitamini ya nguvu kwa sababu amesema hana nguvu, na kumbe anaomboleza. Vitamini haitibu kufiwa na mume wa miaka arobaini na sita. Kama wiki mbili na zaidi hafurahii chochote, hali, halali, analia au amekuwa kama hayupo, mwambie daktari hivyo hivyo, matibabu yapo, ya kuongea na ya dawa, na mzee wa miaka 78 anaweza kupona kama kijana. Kama tayari yuko kwenye dawa za sonona asiziache eti amepata vitamini za asili.

Na kuna maneno ukiyasikia usiyapitishe: "nawasumbua tu", "bora niwafuate wenzangu", anagawa vitenge vyake na mashuka mazuri bila sababu. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumpi wazo. Ondoa karibu sumu za shambani na akiba ya vidonge, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mama nadhani vilikuwa viwili vimeshikana, B12 na upweke, na ukweli sijui kipi kilivuta kipi. Sindano zilirudisha miguu, miguu ikamrudisha kikoba, kikoba kikamrudishia watu. Ndo maana tulitibu vyote kwa pamoja, nesi kwa sindano, na sisi watoto tukagawana siku za kupiga simu, mi Jumatano.

Kusimamia dozi ukiwa mbali

Tulimchukulia kalenda ya ukutani, ile kubwa ya duka la vifaa vya ujenzi yenye nafasi za kuandika. Sindano tukaifunga na siku ya kikoba cha mwisho wa mwezi, hakosi kikoba kwa hiyo hakosi sindano, zahanati iko njiani. Binti anaweka alama ya vema akishameza za asubuhi, na Jumapili ananitumia picha ya kalenda. Vidonge vyote viko kwa binti, sio kwenye mfuko, na kila kipya kinachotoka kwa jirani kinaandikwa kwenye daftari kabla hakijaingia mdomoni. Kipimo cha B12 tulirudia baada ya miezi mitatu, sasa ni mara moja kwa mwaka pamoja na kile cha sukari kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, na omeprazoli daktari aliishusha pole pole mpaka ikaachwa.

Lile kopo la laki na themanini lipo jikoni, anawekea binzari. Wiki iliyopita nilimpigia saa mbili usiku nikiwa kwenye daladala ya Mbagala, nikashuka kituoni, nikatembea mpaka nyumbani, nikala, bado yuko kwenye habari ya mwenyekiti wa kikoba na hela za sare.